Risala ya Wakazi kwa Mkuu wa Wilaya Kuhusu Jengo Linalopakana na Bustani Zetu na Kelele Zake

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tumetumwa na kaya ambazo viwanja vyao vinapakana na jengo la ghorofa lililoko upande wa kusini, tuseme mbele yako yale tuliyokwisha kuyasema kwa barua na kwa mdomo bila kupata ufumbuzi.

Jengo lenyewe unaliona kutoka hapo ulipoketi. Lilianza kama nyumba ya kuishi. Ghorofa ya juu ikaachwa njiani: nondo zimechomoza zinaota kutu, ukuta unaotutazama ni matofali matupu yasiyopigwa plasta, na madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu. Chini yake sasa ipo karakana ya milango na madirisha ya aluminiamu. Msumeno unaanza alfajiri, grainda zinafuata, na umeme ukikatika inawashwa jenereta ambayo bomba lake la moshi limeelekezwa kwetu. Msimu wa kusi ndio mbaya zaidi, kwa sababu upepo unatusukumia moshi na vumbi moja kwa moja. Jioni ukipitisha kidole juu ya jani la mchicha, kinarudi kinang'aa chembechembe za aluminiamu. Mchicha huo ndio tunaopika.

Humo bustanini ndimo wazee wetu wanamopunga upepo na watoto wanamodurusu. Ndimo tunamofanyia maulidi, kipaimara na matanga, kwa kuwa vyumba vyetu havitoshi watu. Siku hizi ukitufika msiba, mtu hutumwa kwenda kumbembeleza fundi azime mashine ili dua isikike. Mara nyingine hukataa, akisema ana kazi ya mteja. Jambo hili limetuumiza kuliko mengine yote.

Tumeambiwa tupande miti. Mheshimiwa, tumepanda. Miti ya mashoki imesimama mstari mzima wa ukuta. Tuliichagua kwa kuwa inakwenda juu bila kutanuka. Penye mapengo tumetia mianzi ya njano, ile inayoota kwa mafungu, isiyotambaa chini ya msingi wa jirani. Ukikaa chini kibarazani, yale matofali huyaoni tena vizuri. Lakini jani halizuii sauti. Wataalamu wa kelele za barabarani hukadiria kwamba hata kichaka kinene chenye upana wa mita 30 hupunguza kama desibeli 5 tu, na sisi kutoka ukutani hadi jikoni hatuna hata mita 10. Grainda moja hufikia karibu desibeli 100 kwa fundi anayeishika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 55 mchana, nje ya nyumba, kuwa kiwango ambacho kikivukwa watu hukerwa sana.

Sauti huzuiwa na kitu kizito kisicho na tundu: ukuta wa tofali uliojengwa karibu na mashine, wenye kimo cha kukata njia kati ya mashine na sikio. Ukuta huo mahali pake ni ndani ya kiwanja cha mwenye karakana. Sisi kwa upande wetu tumefika mwisho wa uwezo wetu.

Hatutaki karakana ifungwe. Vijana wanaofanya kazi pale ni watoto wa mtaa huu, na ujira wao unalisha baadhi ya nyumba zilizotutuma. Tunachodai ni jenereta ihamishiwe upande wa barabarani, ijengewe kibanda chenye hewa ya kutosha, iwekewe sailensa, na bomba lake liangalie juu. Sehemu ya kukatia izungushiwe ukuta upande wetu, kwa gharama ya mwenye jengo, maana faida ni yake. Msumeno usilie kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 11 jioni. Kukiwa na msiba, mashine zizimwe hadi mazishi yaishe, bila mtu kutumwa kubembeleza. Ukuta unaotutazama upigwe plasta na rangi. Akiridhia kupanda miti upande wake, miche tutatoa sisi, na mikono ya kuipanda ipo.

Kwako Mheshimiwa, tunazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kwa kuzingatia sheria hizo, tunataka kujua kama kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja kile, kutoka makazi kwenda karakana, kiliwahi kutolewa, maana sisi majirani hatukuulizwa. Tunaomba pia waletwe maafisa wa mazingira wenye kipima sauti. Waje siku ya kazi bila kumtaarifu mtu, wasimame kwenye majiko yetu na si getini kwa karakana, na matokeo yasomwe hapa hapa mkutanoni.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Zikipita kimya tutakwenda mahakamani, na kila kaya imekwisha kukubali kuchangia gharama za wakili.