Diski Iliyougua na Tamaa ya Kuitibu Nyumbani



Mhariri wa kitabu chetu hiki cha mwaka aliponitaka niandike, bila ya shaka alidhani nitaandika juu ya skuli, kwani nimesomesha miaka 35. Namwomba radhi. Nataka kusema juu ya diski ya kompyuta. Katika nyumba zetu za hapa Maskat zimo nyingi, zimelala kabatini pamoja na paspoti na hati za viwanja, na ndani yake mna mambo yasiyopatikana penginepo duniani. Rai yangu naitoa mwanzoni nisije nikamzungusha mtu: diski ikianza kugonga, mwenye nyumba asiiguse. Mimi niliigusa.

Nilipostaafu mwaka 2019 nilipata wasaa wa kufanya jambo nililolikusudia siku nyingi, nalo ni kuzihamisha kaseti za wazee wetu zikae katika kompyuta. Zilikuwa kaseti 31. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba katika miaka ya sabini na themanini simu ilikuwa ghali na barua zikichelewa, na watu wetu waliotawanyika baada ya 1964, huyu Maskat, huyu Dubai, huyu Portsmouth, na huyu kabaki Unguja, walikuwa wakipelekeana salamu kwa kaseti. Mtu hukaa barazani, akabonyeza, akazungumza mpaka upande ukamalizika. Unasikia jogoo, unasikia adhana, unasikia mtoto akikatazwa kupiga kelele. Katika moja ya kaseti hizo marehemu mama yangu mkubwa alikuwa akitaja nasaba yetu, babu kwa babu, hata akafika kwa mtu wa saba. Nilizihamisha zote, nikatia na picha zaidi ya elfu mbili. Kisha kaseti zenyewe nikazitupa. Zilikuwa zimeota ukungu, na diski, nilijiambia, haioti ukungu.

Agosti 2022 ikaanza kulia: tak, tak, tak, ikanyamaza, ikaanza tena.

Ndani ya diski ya namna hii mna sahani zinazozunguka kwa kasi, nyingi katika hizi ndogo za kubeba ni mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila ya kuigusa, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa kawaida wa binadamu una unene wa nanomita makumi ya maelfu. Kwa hivyo chembe ya vumbi tusiyoiona kwa macho, kwa kichwa kile ni jabali. Mlio ule wa kugonga aghalabu ni kichwa kinachotafuta mahali pake kisipaone. Ukiendelea kuiwasha, kichwa kilichoharibika kinaweza kukwangua uso wa sahani, na kilichokwanguliwa kimekwisha kuwa vumbi. Hakuna fundi wa kusoma vumbi.

Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile alikuwapo kijana wa ndugu yangu, naye akaniambia, "Ami, niachie mimi, hii kazi ndogo." Nikamwachia, na lawama ni yangu, maana mimi ndiye mtu mzima. Kwanza aliichomoa na kuichomeka mara nyingi nisizozihesabu. Pili akaendesha ile programu ya kurekebisha diski, ikafanya kazi usiku kucha. Sasa nafahamu kwamba kazi ya programu ile ni kuitengeneza orodha ya mafaili, si kuyaokoa mafaili, na katika kuitengeneza huandika juu ya diski ile ile inayokata roho. Tatu, na hili naona haya kulitaja, tuliitia katika mfuko wa plastiki tukaiweka ndani ya friza.

Hadithi ya friza ni ya zamani, na wapo wanaoapa kwamba iliwafaa. Lakini tupo Maskat, na ni mwezi wa Agosti. Gilasi ya maji baridi ukiitoa kwenye friji inatoka jasho kabla hujaifikisha mezani. Seuze chuma kilicholala ndani ya barafu tangu magharibi. Jasho hilo hutoka nje ya diski na laweza kutoka na ndani, juu ya zile zile sahani. Tulipoiwasha ilionesha orodha ya majina. Kijana akapiga takbiri, na mimi nikatoa chozi. Baada ya dakika mbili hivi ikanyamaza, na haikusema tena. Nadhani furaha ya dakika mbili zile tuliinunua kwa bei kubwa mno.

Alikuwa na azma ya nne, ya kuifungua kwa bisibisi. Hapo ndipo nilipokataa, si kwa elimu, ila nilichoka.

Mtu ataniuliza, mwalimu, kwa nini usiipeleke kwa fundi siku ya kwanza? Sababu ya fedha ipo, na si aibu kwa mstaafu kuisema. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuitaji hadharani, nayo ni sitara. Katika diski ile mlikuwamo picha za harusi zetu, mama zetu na dada zetu wako ndani kwao, hawana buibui wala mtandio. Nani atakubali kuzipeleka dukani kwa kijana asiyemjua, azifungue mbele ya wateja? Nimezungumza na jamaa wengi tangu wakati ule, na nimeona ya kwamba katika watu wetu hii ndiyo sababu khasa ya kujitibia nyumbani. Naiheshimu. Ila nasema tunaitumia mahali sipo. Sitara ilikuwa itufanye tutengeneze nakala mapema, zikae katika nyumba za jamaa zetu wenyewe, zimefungwa kwa neno la siri, wakati diski ingali nzima. Kuikumbuka sitara siku diski inapogonga ni kuchelewa. Na tunao mabinti waliosoma kompyuta hata wakapata digrii. Mbona tunawaita kutengeneza simu tu?

Tulipokuwa chuoni, maalim wetu alitufundisha jinsi masahaba walivyoingiwa na khofu baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Kurani, na jinsi Sayyidna Abubakar alivyoamrisha ikusanywe. Kisha Sayyidna Uthman akaamrisha ziandikwe nakala, akazipeleka katika miji mbalimbali. Hakuuweka msahafu mmoja Madina akafunga kabati. Sizifananishi picha za harusi na Kitabu kitukufu, astaghfirullah, nasema tu kwamba somo hili tulilipata tukiwa na umri wa miaka minane, na nimelisomesha mwenyewe, kisha nikatupa kaseti.

Wapo wanaosema mambo yote yatiwe katika intaneti na yatakuwa salama. Ni vyema iwepo nakala huko, lakini huko nako ni diski za watu wengine, na ada isipolipwa au mwenye neno la siri akifariki bila ya kumwachia mtu, warithi wanabaki mlangoni.

Vijana wasinifahamu vibaya, kwani yako ya kufanya nyumbani. Pengine ubovu ni wa waya au wa kile kisanduku cha nje, na ukibadilisha waya mambo yanakwisha. Faili likifutwa kwa kukosea katika diski nzima ya sahani, usiandike kitu tena juu yake, na programu za kurejesha huweza kulipata. Ulihifadhi kwenye diski nyingine. Diski inayosoma kwa uvivu lakini haigongi, tengeneza kwanza nakala yake nzima juu ya diski mpya kwa programu kama ddrescue, ambayo huanza na palipo pazima na kuandika ilipofika ili isirudie bure, kisha majaribio yote yawe juu ya nakala. Lakini inayogonga, iliyoanguka au inayonuka kuungua, izimwe. Na hizi mpya zisizo na sahani hazigongi kabisa. Huweza kufa siku moja bila ya kuaga.

Yangu mwishowe aliitazama binti wa jirani, mhandisi, naye hata kuichomeka alikataa. Alisema, "Mwalimu, kila ukiiwasha unaikwangua." Akatuelekeza kwa wataalamu wa nchi ya nje wenye chumba kisichoingia vumbi. Tulilipa riali 380, wanangu wakachangiana. Picha zimerudi karibu zote. Kaseti zimerudi 19. Faili la mama mkubwa limerudi jina lake, na tarehe yake, na ukilifungua ni kimya.

Sasa nakala ziko tatu: moja kwangu, moja kwa binti yangu Sib, na moja kwa binamu yangu Unguja, na kila baada ya Idi tunazifungua kuona kama bado zinasoma.

Kaseti ile aliizungumza mwaka 1979, na ilikuwa dasturi yake kuzungumza maneno yale yale katika kaseti mbili au tatu na kuzigawa kwa ndugu zake. Najua moja ilikwenda Dubai. Mwenye kujua iliko, hata kama imeota ukungu, hata kama utepe umekatika, asiitupe na asiijaribu. Anipe khabari kwa njia ya mhariri, nitaifuata mwenyewe. Redio ya kaseti ninayo, nzima.