Kwa tovuti, chema hakijiuzi

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti imeacha kuwa anasa ya ofisi kubwa. Pamoja nayo imezuka biashara ambayo vijana wengi waliosomea kompyuta wanaikimbilia: kuwatengenezea wafanyabiashara tovuti. Kijana hukusanya mtaji kwa wazazi na ndugu, hupanga chumba mjini, hununua kompyuta mbili na meza, huandika jina lake mlangoni, kisha hukaa kusubiri wateja. Miezi sita baadaye kodi ya pango imekwisha, na waliofika ni mjomba na rafiki wa shule.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitenge vya Kariakoo na nyanya za Ilala msemo huo una ukweli wake, maana mnunuzi huishika bidhaa, huigeuza na kuilinganisha na ya jirani. Tovuti haishikiki. Mfanyabiashara ambaye hajawahi kuwa nayo hawezi kupambanua nzuri na mbaya, na yule aliyewahi kuwa nayo mara nyingi ameumizwa. Katika biashara hii hata kilicho chema sharti kitembezwe.

Malalamiko ya walioumizwa yanafanana. Mmoja alilipa malipo ya awali, fundi akapotea. Mwingine alipata tovuti nzuri, lakini mwaka ulipotimia ikazimika, kwani hakuna aliyemweleza kwamba anwani ya tovuti na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka. Wa tatu aligundua kwamba anwani yenye jina la duka lake imesajiliwa kwa jina la fundi, na fundi hapokei simu. Kwa hiyo anayedhani kwamba soko halina wateja anakosea. Wateja wapo. Kilichoadimika ni imani, na anayeingia sokoni leo lazima aanze kwa kuirudisha.

Jambo la kwanza ni kuchagua mlango wa kubisha. Mwenye duka la jumla Kariakoo hutuma picha za mzigo kwa WhatsApp, mteja wake wa Mbeya au Songea hulipa kwa simu, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Kumhubiria huyu habari za tovuti ni kuchosha miguu bure. Anayefaa ni yule ambaye mteja wake yuko mbali, hutoa fedha nyingi kwa mara moja, tena kabla ya kuona anachokinunua. Kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro ni mfano mzuri: mgeni mmoja kwa kawaida hulipa zaidi ya dola 1,000, na huitafuta kampuni akiwa bado kwao. Hali ni hiyo hiyo kwa nyumba ya wageni ya Paje au Nungwi, kwa shule ya bweni inayotafuta wanafunzi wa mikoani, na kwa wakala wa forodha anayetoa bandarini mizigo ya wateja wa Zambia na Kongo. Kwa watu hawa, mteja mmoja tu aliyeletwa na tovuti anaweza kurudisha gharama yote.

Jambo la pili ni kushika aina moja ya biashara katika mji mmoja. Kijana aliyetengeneza tovuti tatu za mawakala wa forodha anaijua lugha yao, anajua maswali ya wateja wao, na wa nne atamsikia kwa sababu anawafahamu wale watatu. Aliyetengeneza moja ya saluni, moja ya shule na moja ya kanisa huanza upya kila asubuhi.

Jambo la tatu ni kutembea. Maonesho ya Sabasaba hukusanya katika viwanja vya Barabara ya Kilwa mamia ya wafanyabiashara waliokwisha kukubali kutumia fedha kujitangaza. Hao ndio wa kuongea nao, na jambo la kwanza liwe swali: wateja wako kumi wa mwisho walikufikiaje? Habari za programu na rangi zisubiri. Kama duka halionekani kwenye ramani ya Google, kijana aliweke hapo hapo, kwa jina la mwenyewe. Huduma hiyo haina malipo, na simu ya kwanza itakayopigwa kupitia ramani itamtangaza kuliko kipeperushi chochote.

Yanapofika makubaliano, yaandikwe hata kwa ukurasa mmoja. Anwani isajiliwe kwa jina la mteja, nenosiri akabidhiwe yeye, malipo yagawanywe kwa awamu kulingana na kazi iliyokamilika, na gharama ya kila mwaka itajwe mapema. Aidha, anayetaka kuhudumia makampuni awe na usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi na risiti ya EFD. Ajue pia kwamba kampuni inayomlipa kwa huduma hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, asije akadhani amepunjwa.

Hapo ndipo penye faida yenyewe. Tuchukue mfano. Anayeuza tovuti mbili kwa mwezi kwa sh. 600,000 kila moja hupata sh. 1,200,000 mwezi mzuri, na mwezi mbaya hapati kitu. Mwenye wateja 30 wanaomlipa sh. 25,000 kila mwezi kwa matunzo, kubadili bei, kuweka picha mpya na kulinda tovuti isizimike, ana sh. 750,000 kabla hajatafuta mteja mpya. Wa pili analala usingizi.

Wapo watakaosema kwamba kurasa za Facebook na Instagram ni za bure na zinatosha. Kwa wengi zinatosha kweli. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa saa sita hivi, na waliokuwa na hizo tu walikaa kimya pamoja nazo. Tovuti haiziondoi kurasa hizo. Inampa mfanyabiashara kiwanja chake mwenyewe pembeni ya vibanda alivyoazimwa.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na mwanawe au mpwa wake, ushauri wetu ni mfupi. Usiulize kompyuta zitagharimu kiasi gani. Mwambie akutajie wafanyabiashara 20 wa mji wenu aliokwisha kuongea nao ana kwa ana, kila mmoja alisema nini, na ni wangapi wamekubali kulipia matunzo ya mwaka mzima. Akikuletea daftari lenye majibu hayo, mpe. Akikuletea michoro ya ofisi, mpe nauli akatembee kwanza.