Waksi ya laki na sitini, tairi kipara!

Mkono wangu wa kulia unauma kama wa mtu aliyetwanga kisamvu cha shughuli nzima. Sikutwanga kitu. Nilikuwa napaka waksi gari la watu. Kaa mkao wa kula nikupe mkasa, maana ndani yake kuna hela, kuna harusi, na kuna jambo lililotaka kututoa roho.

Nina shemeji yangu, mume wa dada. Ana Toyota Mark II nyeusi. Siku za kazi anabebea abiria wake wa kudumu, na Jumamosi anaikodisha kwenye maharusi. Sasa nyie mnajua gari la bibi harusi hapa Dar linavyotakiwa kuwa. Hata kama injini inakohoa, bodi lazima ing'ae mpaka shangazi wa bwana harusi ajitazame wanja kwenye mlango. Gari likipauka tu, kamati inachukua la mwenzio. Kwa hiyo ukimwona shemeji anahangaika na mng'aro usimcheke. Ule mng'aro ndio unga wa nyumbani, ndio ada ya watoto.

Basi bwana, siku moja mwisho wa mwezi akaja nyumbani kashika kikopo kidogo kama cha losheni, anakibeba kwa mikono miwili utadhani yai.

"Shem, hii ndiyo dawa yenyewe," akasema. "Laki na sitini."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia: sh. 160,000, kikopo kimoja! Muuzaji kamwambia ukipaka hiyo, gari inang'aa mwaka mzima, jua haliioni, chumvi ya bahari haiigusi, na mikwaruzo midogo inajifuta yenyewe. Dada alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Na tairi?"

Kumbe ile hela ilikuwa imewekwa pembeni kwa ajili ya tairi mbili za mbele, ambazo zilikuwa zimeisha, kipara kabisa. Shemeji akacheka. "Tairi nani anaziangalia harusini, mama watoto? Watu wanatazama bodi."

Jumamosi iliyofuata, kweli, gari lilikuwa linawaka. Wapiga picha walilizunguka kuliko walivyowazunguka maharusi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele nimeshikishwa maua, bibi harusi na mpambe wake nyuma. Tunashuka mteremko wa Kimara, mvua ya rasharasha ikaanza, ile inayolowesha vumbi na mafuta barabarani bila kuyaosha. Mbele yetu daladala likasimama ghafla kupakia mtu. Shemeji akakanyaga breki. Gari likateleza kama limepakwa sabuni! Sikusikia kitu isipokuwa mpambe anamwita Yesu. Tulisimama hatua moja kutoka kwenye bampa la daladala. Shela ilikuwa imeangukia usoni, maua yangu yote chini, na kwenye boneti matone ya mvua yanaviringika kama shanga, mazuri ajabu. Waksi ilikuwa inafanya kazi yake. Tairi ndizo zilizokuwa hazifanyi yake.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jumatatu shemeji alikopa kwa mshikaji wake, tairi mbili mpya zikafungwa. Lakini kikopo bado kilikuwepo, karibu chote, na ubishi nao ulikuwepo. Yeye anasema waksi ghali ni ghali kwa sababu ni bora. Mimi nasema tuijaribu. Nikaenda Kariakoo, nikanunua waksi ya kawaida ya sh. 15,000. Tukaosha boneti, tukaikausha, tukabandika katikati ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi. Kushoto tukapaka ya laki na sitini, kulia ya elfu kumi na tano. Hapo ndipo mkono ulipoumia.

Tulipomaliza tukawaita vijana wa kijiweni, wanane, bila kuwaambia ipi ni ipi. Wanne wakasema kushoto kunang'aa zaidi, watatu wakasema kulia, mmoja akauliza soda ananunua nani. Baada ya wiki tatu, ukimwaga maji yanakaa vitone vitone pande zote mbili. Wiki ya tano upande wa kulia maji yakaanza kulala. Wiki ya sita na wa kushoto nao ukalala. Yaani tofauti ya sh. 145,000 ilitununulia siku chache tu!

Utasema boneti moja si maabara. Sawa. Lakini kule Marekani lipo jarida la Consumer Reports, ambalo kazi yake tangu mwaka 1936 ni kununua bidhaa na kuzipima, wala halichukui matangazo ya wenye biashara. Nalo limewahi kuzishindanisha waksi za magari, na likasema yale yale: bei kubwa si dhamana ya kazi kubwa.

Sasa ule ughali unatoka wapi? Kikopo cha shemeji kimechorwa jani la mti, na chini yake wameandika karnauba. Huo ni mti wa jamii ya mnazi, majani yake yamefunguka kama upepo wa kupepea moto, unafanana na mikoche yetu. Unaota kaskazini-mashariki mwa Brazil, majimbo kama Ceará na Piauí, kwenye ukame. Ili jani lisikauke, mti unalipaka nta. Watu wanakata majani, wanayaanika, wanayapigapiga, ile nta inadondoka kama unga. Ni nta ngumu sana, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80.

Na sikiliza hii: nta hiyo hiyo inatiwa kwenye dawa ya viatu, kwenye lipstiki, na hata kwenye pipi ili zing'ae. Umeshaila, mpenzi msomaji! Tena hakuna kikopo chenye karnauba tupu, kwa sababu ingekuwa ngumu kama jiwe, usingeweza kuipaka. Lazima ilainishwe kwa mafuta na vimiminika vingine. Kwa hiyo kinachobaki kwenye bodi, kiwe cha bei gani, ni utando mwembamba wa nta, basi. Huko Ulaya na Marekani kuna vikopo vinauzwa kwa maelfu ya dola, kama ile Zymöl Royale. Wenye magari ya maonyesho wananunua, na hela ni zao. Ni kama manukato: unalipia chupa, harufu na jina.

Ili nisiseme vya kujitungia, nikamfuata mzee mmoja fundi rangi, amepiga rangi magari tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Umegonga?"

"Hapana mzee, nataka kuuliza habari za waksi."

Alicheka mpaka akaweka bomba la rangi chini. Halafu akanipa somo ambalo shuleni sikulipata. Bodi ya gari ni chuma, juu yake praima, juu yake rangi, na juu kabisa klia, yaani ile rangi isiyo na rangi inayoleta mng'aro. Klia ni nyembamba, kama maikroni 50, sawa na sehemu moja ya ishirini ya milimita. Dawa ya kuzuia jua imo ndani ya klia yenyewe. Waksi inakaa juu yake, nyembamba zaidi, na kwa jua inasaidia kidogo sana. Hivyo klia ikishababuka, ikawa mabaka meupe juu ya paa na boneti, hakuna waksi ya kuirudisha, hata ungeuza kiwanja. Hapo ni kupiga rangi upya.

"Na mikwaruzo inayojifuta?" nikauliza.

"Haijifuti, inajazwa," akasema mzee. "Mafuta ya waksi yanaingia kwenye mkwaruzo, macho hayauoni. Ukiosha mara kadhaa unarudi pale pale."

Akaniambia pia watu wanachanganya waksi na polishi. Polishi inakwangua, waksi inapaka. Polishi inaondoa kweli mikwaruzo midogo na rangi iliyopauka, lakini kila ukipiga unapunguza ile klia ambayo ni kidogo tangu mwanzo. Anayekuambia upige polishi kila mwezi anakula gari lako taratibu. Ukitaka kujua kama gari lina klia, weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, halina klia, ni rangi ya zamani.

Na chumvi ya bahari? Ndugu zangu wa Kigamboni na Mbezi Beach, wa Tanga, Zanzibar na Mombasa, kutu hainzii juu pale unapopaka waksi. Inaanzia chini ya gari, kwenye maungio na kwenye mikunjo ya milango, ambako kitambaa chako hakifiki. Ukitaka kupambana na chumvi, osha chini ya gari kwa maji mengi. Hiyo ndiyo waksi ya pwani.

Je, niseme waksi haina kazi? Hapana, mimi si mwongo. Inafanya maji na matope yatoke kirahisi, inakupa muda wa kufuta kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe kabla havijala rangi, na inapendeza. Ila inafanya hivyo kwa sababu imepakwa tena na tena. Ya elfu kumi na tano inayopakwa kila mwezi inaishinda ya laki na sitini inayopakwa mara moja halafu ukakaa unaisubiri ifanye miujiza. Kikopo cha gramu 200, ukipaka nyembamba, kinatosha gari dogo zaidi ya mara 8. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa faida ya bure kwa wasomaji wangu. Kwanza, kinachoua mng'aro ni uoshaji. Sponji likidondoka mchangani halafu likarudishwa mlangoni, ule ni msasa. Mwagia maji kwanza mchanga utoke, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Sabuni ya unga ya kufulia inang'oa waksi, hata ile ya dhahabu. Tumia shampuu ya gari.

Pili, paka kivulini, bodi ikiwa ya baridi, kwa fulana kuukuu ya pamba isiyo na vifungo. Nyembamba! Acha ikauke iwe kama ukungu, ndipo ufute. Ukipaka nene unajichosha na unatupa hela.

Tatu, ukimwona kijana anang'arisha tairi zako kwa mafuta ya breki, mzuie. Yakirukia kwenye bodi yanalainisha rangi mpaka inavimba. Na dizeli nayo si rafiki wa mpira.

Nne, kuna hii wanaita seramiki, inayokuja na sifa za "9H". Inadumu kuliko nta, ni kweli, lakini hiyo 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli. Haina maana kwamba jiwe la barabarani litaogopa gari lako. Na ukiipaka juu ya mikwaruzo umeihifadhi mikwaruzo.

Tano, na hii ndiyo kubwa. Kabla hujanunua kikopo chochote, inama utazame tairi. Ndani ya mifereji yake kuna vijinundu vidogo, vina kimo cha milimita 1.6. Mpira ukishalingana navyo, tairi imekwisha. Usijadiliane nayo.

Shemeji je? Bado anapeleka maharusi, na gari bado linang'aa, kwa ile ya elfu kumi na tano. Harusi hazijapungua hata moja, na hakuna shangazi aliyeuliza kapaka nini. Deni la tairi alimaliza kulipa mwezi uliopita. Kile kikopo cha laki na sitini kipo kabatini, kimebaki nusu, kimepangwa na glasi za wageni. Dada hakitaji kwa jina lake. Wageni wakiuliza kile ni nini, anajibu taratibu, huku anawamiminia chai: "Ile? Ile ni tairi ya mbele kushoto."

Kazi kwako, mpenzi msomaji. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Alamsiki!