Kumbukumbu Zako Hazihitaji Landilodi

Kuanzia hosteli za Kwa Vonza hadi saiba za Wote, swali ni lile lile: nitumie programu gani kuweka noti zangu? Majibu huja kwa kasi ya boda boda. Mmoja anasema Notion, mwingine Obsidian, mwingine Google Keep, mwingine anakwambia ujitumie tu meseji kwa WhatsApp ukalale. Kisha vita inaanza. Ipi inapendeza machoni, ipi ina AI, ipi inaunganisha noti zako kama utando wa buibui.

Mimi nasema vita hiyo yote ni kelele mpaka ujibu jambo moja: siku ukihama, unatoka na nini?

Ukitafuta nyumba ya kupanga Kitui mjini unauliza maji, unauliza stima, unauliza geti hufungwa saa ngapi. Lakini yule aliyewahi kurudi jioni akapata kufuli ya landilodi mlangoni huuliza kitu kingine kabisa. Anataka kujua vitu vyake vitabaki kuwa vyake hata mwezi ukiwa mgumu. Programu nyingi za noti tunazosifiwa ni nyumba za kupanga, na sisi tunaingia na kila kitu tulicho nacho, mawazo, nambari za simu, madeni, shairi ambalo hakuna aliyeliona, bila kuuliza habari za kufuli.

Swali hili limegeuzwa biashara. Fungua YouTube uone: kijana wa London au Toronto, meza safi, mshumaa, kahawa, anakuuzia "ubongo wa pili". Templeti unalipia kwa dola. Unakesha wiki nzima ukichagua emoji ya kila folda, na wiki ikiisha hujaandika sentensi hata moja. Umepanga kabati ambalo halina nguo. Shujaa wao mkubwa ni Niklas Luhmann, Mjerumani aliyesomea jamii na kuandika makumi ya vitabu kwa msaada wa kadi zake zipatazo 90,000. Wanachosahau kukwambia ni kwamba kadi zile zilikuwa za karatasi, zimepangwa ndani ya droo za mbao. Alifariki 1998, kadi ziko Chuo Kikuu cha Bielefeld, na mpaka leo zinasomeka. Hakuna kampuni iliyowahi kupandisha bei akashindwa kufungua droo.

Sasa tazama malandilodi wetu.

Evernote ilikuwa mfalme wa noti. Nembo yake ni tembo, kwa sababu husemwa tembo hasahau. Kampuni ya Italia, Bending Spoons, ikainunua, na Desemba 2023 watu wa akaunti ya bure wakaambiwa mwisho wao ni noti 50 na daftari 1. Mtu aliyekuwa na noti 800 hakunyang'anywa. Aliweza kuzisoma na kuzitoa. Lakini kuongeza mpya, hapana, mpaka alipe ama afute. Nyumba ni yao, na mwenye nyumba hupandisha kodi anapotaka.

Google nao walikuwa na Google Notebook. Wakaifunga 2012, kisha 2013 wakatuletea Google Keep. Tangu Desemba 2023 wanaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo. Hebu fikiria dada aliyeenda Saudia kwa mkataba wa miaka 2, simu yake ya zamani akaiacha kwao Mwingi, paswadi hakumbuki. Anarudi nyumbani kukuta kijumba chake cha mtandaoni kimebomolewa, na ndani mlikuwa na picha za mtoto na hesabu ya shamba.

Notion, kipenzi cha vijana wa kampasi, ilikaa miaka na mikaka bila njia rasmi ya kukuwezesha kufanya kazi pasipo intaneti. Njia hiyo ilikuja Agosti 2025. Mtu wa Toronto hakuhisi. Wewe uliyepanda gari Kibwezi ukafuata lami kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui ulihisi, kwa sababu huko netiweki inakuja na kwenda kama mvua isiyo na uhakika.

Na usidhani ni shida ya mashinani pekee. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inajikokota. Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, intaneti iliyumba tena. Siku kama ile, nambari ya wakili iliyo kwenye ukurasa usiofunguka ni sawa na kutokuwa nayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunafundishwa kupanga kumbukumbu kana kwamba huku kwetu hatukuwahi kujua. Wakamba waliipa kila njaa kubwa jina. Moja ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Yaani pesa ziko mkononi, chakula cha kununua hakipo. Maneno mawili tu, na ndani yake kuna kipindi, kuna bei, kuna soko tupu, kuna uchungu. Ukitaka kujua mtoto alizaliwa lini, unauliza ilikuwa njaa gani. Hiyo ni lebo bora kuliko lebo yoyote utakayoibandika kwenye programu. Ilikaa vichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja, haikulipiwa, na hakuna mtu mmoja aliyeshika ufunguo.

Najua thamani ya maneno hayo kwa sababu niliajiriwa kuyakusanya. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda, nikaanza kuandika kwa kibarua, na shirika moja likanipa mkataba wa miezi 6 kuzungumza na wazee wa Kitui Kusini na Kibwezi kuhusu njaa walizopitia. Masharti yalikuwa wazi: kila noti iandikwe kwenye akaunti ya shirika, kila sauti ipakiwe huko kisha ifutwe kwenye simu. Nilifuata masharti. Mkataba uliisha Ijumaa. Jumamosi asubuhi barua pepe yao haikunifungulia. Ripoti ilipotoka ilikuwa na picha nzuri sana na vidokezo vya kitaalamu, na ile saa nzima ambayo susu mmoja wa Ikutha alinieleza jinsi walivyogawana kibuyu kimoja cha uji watu tisa ilikuwa imegeuka nusu mstari. Susu alikuwa ameniomba nakala ya sauti yake kwa ajili ya wajukuu. Niliandika kuiomba mara nne. Mara ya nne nikajibiwa kwamba akaunti za vibarua hufutwa baada ya muda, hakuna la kufanya. Susu alizikwa mwaka huo. Wajukuu hawana sauti, mimi sina noti, na shirika lenyewe halina.

Najua utakavyosema: kazi ililipwa, kwa hivyo ni mali yao. Sawa. Lakini hata mwethya una adabu. Ukiitwa kwenye mwethya kuchimba matuta unaenda na jembe lako, unachimba, matuta yanabaki kwa wenye shamba, na jioni unarudi nyumbani na jembe lako begani. Sijawahi kusikia mwethya ambapo mwenye shamba anabaki na majembe ya watu, kisha anayatupa kwa sababu hana pa kuyaweka.

Kuna watakaonipinga, na baadhi wana hoja.

Wa kwanza atasema wingu lilimwokoa simu iliponyakuliwa stendi, na kama angeweka kila kitu kwenye simu angelia. Nakubali kabisa. Nakala ya pili ni lazima, na ya tatu si vibaya. Lakini kuweka nakala kwa jirani si sawa na kuhamia kwa jirani. Weka faili zako kwako, kisha peleka nakala huko Google Drive ama popote. Mlango ule ukifungwa umepoteza nakala. Noti zako bado unazo.

Wa pili ni mzee atakayesema daftari ndilo jibu. Ana nusu ya ukweli. Lile daftari la jalada gumu la mweka hazina wa chama halijawahi kuomba paswadi, halijawahi kukwama kwa kukosa bando, na mtu yeyote mezani anaweza kulifungua akasoma. Programu nyingi hazijalifikia. Lakini daftari ni moja. Mchwa wakilipata, ama paa likivuja, hakuna la pili. Na ukiuliza nani alikopa 3,000 mwezi wa tatu mwaka juzi, mtapekua mpaka chai ipoe. Daftari limetufundisha tudai nini, yaani lisomwe na yeyote, bila idhini ya mtu wa mbali. Sasa tudai hivyo kwenye simu pia.

Wa tatu atasema anafikiria sana, mambo ni noti tu. Huyu ndiye ninayebishana naye. Mkulima wa maembe wa Makueni anayetaka kuuza nje huulizwa rekodi za dawa alizopulizia na siku alizopulizia. Mtu wa boda boda anayedai hela zake anahitaji tarehe. Mwandishi ana daftari lake la miaka mitano au hana kitabu. Ukiziita "noti tu" umeshakubali mtu mwingine azitupe.

Basi ukichagua programu, ipime hivi kabla hujaingiza neno la kwanza.

Zima data, ufungue noti ya mwezi jana. Ikikwambia uunganishe intaneti, hiyo haikutengenezewa barabara ya Mutomo.

Tafuta sehemu ya kutoa noti zako zote kwa mpigo mmoja. Zitoe, kisha uzifungue kwa programu nyingine kabisa. Ukiona maandishi yako yanasomeka, mlango upo. Faili ya maandishi matupu haina mwenyewe: herufi zake za msingi zimefuata utaratibu uleule tangu miaka ya 1960, na zile alama za Markdown za vichwa na orodha zipo tangu 2004 na hazilipiwi.

Ijaribu kwenye simu ndogo, ile ya mama yako, sio yako. Ikikwama huko, itakukwamisha siku simu yako itakapoanguka.

Uliza nini kinabaki ukiacha kulipa. Kama jibu ni "unasoma lakini huandiki", jua umepanga.

Kwa vipimo hivi Obsidian inapita, kwa sababu noti zake ni faili za kawaida ndani ya folda yako. Markor kwenye Android inapita, na ni ya bure. Joplin inapita ukikumbuka kutoa nakala. Hata Notion na Keep sikwambii uzitupe. Notion hutoa kurasa zako kwa Markdown, Keep hutolewa kupitia Google Takeout. Zitumie, lakini kila mwisho wa mwezi, siku ile unalipa kodi ya nyumba, toa noti zako zote uziweke kwenye memori kadi. Mpangaji mwenye akili hulala akijua begi liko wapi.

Na sheria iko upande wetu kuliko tunavyojua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inakupa haki ya kupokea data yako binafsi katika muundo wa kawaida unaosomeka na mashine. Haki hii haifiki kila noti ya kazi, na mimi sio wakili. Lakini vyuo vinavyofunga barua pepe ya mwanafunzi siku anapoacha masomo, na mashirika yanayowafungia vibarua nje usiku wa kuamkia Jumamosi, vinafaa kuanza kuulizwa kwa maandishi. Wakituajiri tena kukusanya maneno ya wazee wetu, tuandike kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi: nakala moja kwa mzee aliyesema, nakala moja kwa aliyeandika, na siku 30 za kuhamisha vitu. Asiyekubali hayo anataka maneno ya wazee kwa ajili ya ripoti yake tu, na aambiwe hivyo usoni.

Wewe uliyesoma mpaka hapa kwa bando la jero, usiende kutafuta templeti. Fungua ile programu unayoipenda, zima data, toa noti zako zote, zihesabu. Kama zimetoka, tumia programu hiyo kwa amani. Kama zimekataa kutoka, kodi umekuwa ukilipa.