Chopa Nyingi Si Dawa: Nani Anasimamia Utafutaji?

Kila ndege ikipotea hapa nchini, mitandaoni wasee huuliza kitu kimoja: mbona serikali isitoe chopa zote ziende? Ni swali la uchungu na nalielewa. Lakini tunauliza idadi, na shida mara nyingi si idadi.

Chukua ile Cessna Caravan ya FlySax iliyotoka Kitale kuja Nairobi jioni ya Juni 5, 2018, ikiwa na watu 10. Ilipotelea milima ya Aberdare. Mabaki yalipatikana Juni 7 asubuhi, na hakuna aliyekuwa hai. Katikati hapo familia zilikaa zikisubiri habari, huku hali mbaya ya hewa na giza vikikwamisha utafutaji. Hebu tuone kazi yenyewe hufanywaje, ndio hata tukilaumu, tulaumu pahali panapofaa.

Kanuni za kimataifa zinasema ndege ikinyamaza kwa dakika 30 baada ya muda iliofaa kuwasiliana, hali ya mashaka inatangazwa. Kisha inakuja tahadhari, halafu dharura kamili. Hapo kituo cha kuratibu uokoaji kinampa mtu mmoja usukani wa operesheni. Mmoja. Si jeshi na mkubwa wao, polisi na wao, KWS na wao, halafu kampuni nayo imekodi chopa yake pembeni.

Mbona mmoja? Fikiria bonde lenye ukungu, chopa nne zimeingia, kila moja inatafuta kivyake. Macho yote yako chini, hakuna anayeangalia mwenzake. Mnaweza kwenda kutafuta ajali moja mkapata mbili. Kwa hivyo msimamizi hugawa eneo vipande kwenye ramani: kila ndege na kipande chake, kimo chake, na wote kwenye masafa mamoja ya redio. Chopa zinapita chini. Juu kabisa inaweza kuzunguka ndege ya kawaida, kazi yake kupitisha ujumbe tu, maana milima hukata mawasiliano ya walio chini. Milimani mnaanza kileleni mkishuka taratibu kufuata mteremko, si kuanzia bondeni mkipanda ukutani. Na Aberdare si kilima cha pikiniki. Kilele chake kinakaribia mita 4,000, na hewa ya huko ni nyepesi, chopa inapungukiwa nguvu.

Halafu kuna watu, na hapa ndipo TV hazifiki. Rubani anaendesha, kutafuta ni kazi ya waliokaa nyuma wakikodoa macho. Macho huchoka. Ukitazama msitu saa nzima, kijani chote kinakuwa kimoja. Lazima wapokezane, lazima walale, na wakitua waulizwe: mliona ardhi, ama mliona mawingu? Jibu hilo linaenda kwenye ramani. Kipande kilichopitiwa kwenye ukungu hakijatafutwa, hata kama chopa ilimaliza mafuta ikikizunguka. Alama hiyo ikikosa kuwekwa, kikosi cha kesho kitakiruka kikidhani kilishamalizwa, na labda hapo ndipo mtu amelala na mguu uliovunjika akisikia injini zikienda mbali.

Kuna kifaa cha dharura ndani ya ndege kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Kikiitika, kazi inakuwa fupi. Lakini kishindo cha ajali kinaweza kung'oa antena yake, na hapo mnarudi kwa macho na ramani.

Sasa ndege nyingine ikipotea, Mungu aepushe, na waziri asimame mbele ya maikrofoni kutuhesabia chopa, wanahabari wamuulize: nani anasimamia? Vipande vipi vimetafutwa, na vipi vilikuwa na ukungu? Na familia ziwe zimeonyeshwa hiyo ramani kabla yake kufika kwa kamera.