Msaada wa Mashine Zilizokataliwa

Tupo wengi hapa Sydney ambao mwaka 2025 tuliketi mbele ya kompyuta isiyo na kasoro tukaambiwa imezeeka. Microsoft ilikuwa imetangaza mapema: baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 haitaletewa tena viraka vya usalama kama ilivyozoeleka. Anayetaka usalama ahamie Windows 11. Na ili uhamie, mashine sharti iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao. Kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kwenda juu, yaani kuanzia mwaka 2017.

Sisi wahandisi hatuipingi chipu. Kufungia funguo za siri ndani yake ni jambo la maana. Tunachopinga ni hesabu. Kompyuta ya mwaka 2016 yenye kumbukumbu ya GB 16 inakataliwa mlangoni, na kijimashine cha GB 4 kinachojikokota kinakaribishwa, mradi prosesa yake imo kwenye orodha. Hapo hatuambiwi tuboreshe, tunaambiwa tukanunue. Kisha wakatoa mwaka wa nyongeza, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa aliyekubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti yao. Mgonjwa kaongezewa siku, hakutibiwa.

Hayo ni yao. Yetu ni mabaya zaidi, na hatupendi kuyasema.

Mashine zilipokataliwa tulifanya nini? Tulizipangusa vumbi, tukazitia kwenye maboksi pamoja na nguo za watoto, tukaandika juu yake "msaada wa shule". Tukapiga na picha. Miezi ikapita, mwalimu mmoja wa kule Tanga akatupigia simu. "Shikamoo wazee wangu, mashine zimefika, tunashukuru sana. Ila tulipoziwasha zilianza kujipakulia vitu zenyewe, bando la wiki nzima likaisha kabla ya saa sita. Sasa zinasema hazifai." Alisema kwa adabu, akacheka kidogo. Sisi hatukucheka. Hapa Auburn intaneti inalipiwa kwa mwezi na hakuna anayehesabu megabaiti. Kule mwalimu ameinunua kwa fedha ya mfukoni mwake.

Tena kompyuta za shule hupokezana flashi mchana kutwa. Mashine isiyopata viraka hapo huwa kiota cha virusi. Tuliyoogopa kuwa nayo sebuleni tukawapelekea watoto wa wenzetu.

Wapo watakaosema: basi tusipeleke kitu. Hapana. Mashine hizo ni nzima, ilikufa ruhusa tu. Ukiiwekea Linux itafanya kazi miaka mingine, bila kuomba leseni. Na wasituambie kwamba Mswahili hawezi kitu asichouziwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure. Tulikuwa wapi sisi wenye shahada za ughaibuni? Tulikuwa tukinunua leseni.

Kazi yenyewe haizidi saa mbili kwa mashine: kufuta diski, kuweka mfumo, kupakia kamusi na vitabu vya masomo vinavyosomeka bila intaneti, kujaribu betri. Anayeona saa mbili ni nyingi asiandike "msaada" kwenye boksi.

Gereji kwetu zimo laptopu saba zinazosubiri kontena lijalo. Tano tumezimaliza Jumamosi iliyopita, na chai ikanywewa. Mbili betri zimevimba. Hizo zinakwenda kituo cha taka za elektroniki hapahapa Sydney, si Tanga. Mwenye nyingine aje nayo, na chaja yake.