Kompyuta Siyo Inayoua Litungu

Kuna imani iliyokita mizizi, Butiama na kwingineko, kwamba litungu, ala yetu ya nyuzi, ni la wazee na kompyuta ni ya Wazungu, na anayetunga muziki wa kuvikutanisha anachafua asili. Wapigaji wachache wakikaa na ala zao, programu ikapokea sauti kwa maikrofoni, ikaigeuza papo hapo na kuirudisha kwenye spika, muziki huo huitwa wa kigeni hata kabla haujasikilizwa. Hukumu hiyo ni potofu, na hasara yake ni yetu.

Kugeuza sauti inapopigwa ni ufundi wa kale huku kwetu. Mafundi wa Kigogo hutoboa kasha la ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kuziba tundu kwa utando wa mayai ya buibui, ili kila mlio utoke na mvumo wake. Mpiga nyatiti wa Kijaluo huvaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu na kugonga nayo ukingo wa ala huku nyuzi nane zikilia. Hiyo ni sayansi ya sauti, iliyojaribiwa kwa masikio kizazi baada ya kizazi, na programu haifanyi zaidi ya kuendeleza kazi ya ule utando. Hata muziki wa mitambo Ulaya haiwezi kuudai peke yake. Mwaka 1944, mjini Cairo, mtunzi Halim El-Dabh alirekodi zaar, sherehe ya kupunga pepo, kwenye waya wa sumaku, akaichuja sauti mpaka ikawa kitu kipya, miaka 4 kabla ya majaribio ya mtunzi Pierre Schaeffer mjini Paris. Nyumbani Tanzania, mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook mwaka 2002, na Ugogo wake umo humo mzima.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba vinanda vya umeme vimeshampokonya mpiga litungu nafasi yake harusini. Ni kweli, na inauma. Kinanda huja na ngazi ya hatua 12 iliyopangwa kiwandani, ilhali litungu hukazwa kufuata koo la mwimbaji. Lakini kosa hapo ni kununua sauti iliyokwisha kuamuliwa na wengine. Programu iliyoandikwa na kijana anayelijua litungu italifuata litungu. Pure Data, chombo cha kazi hiyo, hupatikana bure na hukaa kwenye kompyuta ya kawaida.

Wengine huuliza sayansi inatafuta nini kwenye muziki. Mtunzi Iannis Xenakis alitunga Pithoprakta kwa hesabu za mwendo wa chembe za gesi. Sisi tunalo Ziwa Victoria, lililopanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Vipimo vya kupanda huko vikikaza nyuzi taratibu, msikilizaji wa Musoma atalisikia ziwa lake likija.

Wanaomtaja Mwalimu Nyerere kutetea asili hukumbuka nusu ya hotuba yake ya Desemba 1962. Alisikitikia vijana wanaojua dansi za kigeni wasijue ngoma zao, na humo humo akakataa taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine. Basi walimu wa muziki na vijana wa teknolojia wa Butiama, mtafuteni mpiga litungu mmoja, mumlipe, mumsikilize mpaka mwisho, kisha mtunge naye.